Kwa Mutua, Mwanangu Anayerudi Visimani

Mwanangu Mutua,

Umeenda Masii kwa fundi kunoa sururu na mtaimbo, na Mama yuko kanisani kwenye mkutano wa akina mama, kwa hivyo nina saa mbili tatu za kukuandikia nikiwa peke yangu. Nimeketi nyuma ya jikoni karibu na tangi la maji, mahali ambapo wewe husema najificha kama kuku anayetafuta pa kutaga. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Kithimani kuchimba visima. Hujashuka kisimani kwa miaka minne.

Najua ni ajabu msichana wa kidato cha nne kumwita baba yake mwanangu. Kwa mdomo sijawahi. Lakini wewe umeniita mwaitu, yaani mama yetu, tangu nikiwa wa kunyonya, kwa sababu nilipewa jina la mama yako, na kwetu anayepewa jina hupewa na kiti cha mwenye jina. Nilikuwa na miaka sita nilipokuagiza maandazi. Mama alikuuliza kwa nini unamdekeza mtoto, ukamjibu, "Mimi nifanye nini? Mama mzazi ameagiza." Nikala maandazi yote manne nikiwa nimekunja uso kama mtu mzima, nanyi mkacheka mpaka machozi.

Leo nakikalia kiti hicho kwa mara ya mwisho. Ninayotaka kusema, mtoto hamwambii baba yake, lakini mama anaweza kumwambia mwanawe. Na nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu Kikamba kingenishinda. Kila neno la Kikamba nililo nalo nililisikia kwanza kwa sauti yako.

Mambo ya blanketi, vidonge vya malaria na viatu vya mpira Mama ameyasema mara tatu tangu Ijumaa. Nayaacha. Nitakuambia habari za mmea.

Unaujua. Wewe ndiye uliyeniletea, ule mwaka wa ukame, kikundi cha akina mama kilipowaita wewe na Nzioka, mchimbaji mwenzako, kukiongeza kina kile kisima cha zamani kilicho chini ya shamba letu. Ulitoka kisimani jioni moja na jiwe mkononi, na juu ya jiwe palikuwa na kitu cha kijani, bapa, kimelala kama kimebandikwa kwa gundi.

"Mwaitu, muone huyu," ulisema. "Nikishuka ananiramba mgongo."

Nzioka alikuwa akikunja kamba. Unakumbuka hakuweza kuacha neno lipite bila kulifanyia mzaha. "Huo ni ulimi wa kisima," alisema. "Kisima kinamwonja Mutua kama chumvi imekolea."

Nilikuwa darasa la nane. Mwalimu wa sayansi alikuwa ameniazima kitabu cha zamani cha biolojia, cha sekondari, kisicho na jalada, na usiku huohuo nikaupata mmea wangu ukurasa wa katikati, umechorwa kwa wino. Kitabu kiliuita Marchantia. Kilisema Wazungu wa kale waliuona umefanana na ini wakaupa jina la ini. Mimi niliendelea kuuita ulimi wa kisima, kwa sababu Nzioka alikuwa ameona vizuri zaidi.

Hauna maua wala mbegu. Hauna hata mizizi ya kweli, ni vinywele tu vya kushikilia udongo. Mimea mingine huyanywa maji kupitia mizizi. Huu huyanywa kwa mwili mzima, kwa hivyo chochote unachoumwagia, kizuri au kibaya, huingia. Mgongoni mwake huota vikombe vidogo sana, vidogo kuliko kifungo cha shati la mtoto mchanga, na ndani ya kila kikombe mna vidonge vya kijani kama vumbi. Tone la mvua likianguka ndani ya kikombe, vidonge huruka nje, na kila kinachotua penye unyevu huwa mmea.

Nilitaka kuuotesha kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote mwaka ule. Kitabu kilisema uwekwe kivulini, juu ya udongo laini uliochekechwa, kisha ufunikwe kwa kioo ili unyevu usitoroke. Udongo nilikuwa nao. Kivuli kilikuwepo hapa nyuma ya tangi. Kioo sikuwa nacho. Nyumba yetu ina kioo kimoja tu cha duara, na kiko kwenye kandili.

Nafikiri umeanza kuona ninakoelekea. Tafadhali usiache kusoma.

Siku ile ilikuwa Jumatatu ya likizo. Kisima kilikuwa kimefunikwa kwa mabati tangu Ijumaa ili mbuzi wasitumbukie, na nyinyi wawili mlikuja asubuhi kuendelea. Kila siku kabla ya kushuka ulikuwa unavua shati, unanyosha viganja, nami nakutemea mate kidogo viganjani na kifuani, kama mama yako alivyokufanyia ulipokuwa kijana. Nilikuwa nimezoea kukubariki hivyo kama nilivyozoea kupiga mswaki. Lakini asubuhi ile wasichana watatu wa darasa letu walikuwa wakipita na mitungi ya maji, na mimi nilikuwa nimepiga magoti hapa, mikono imejaa udongo, nikikitazama kikombe cha kwanza kilichofunguka. Ukaja na viganja vyako.

"Mwaitu, tupe mate, jua linapanda."

Mmoja wao alicheka. "Ati mate? Mwikali, kumbe wewe ni mganga? Na sisi tutemee tupite mtihani!"

Nikasema, "Sitaki."

"Umesemaje?"

"Sitaki. Leo sitaki."

Niliuona uso wako ukibadilika na nikafurahi, kwa sababu nilidhani umenielewa, kwamba mimi ni msichana mkubwa sasa na watu wananitazama. Hukunielewa hivyo. Ulimsikia mama yako. Ulirudisha shati mwilini pole pole, ukamwambia Nzioka leo hushuki, mama amekataa.

Nzioka alicheka hata siku ile. "Mama ni wako, Mutua, si wangu. Wangu yuko shambani anapalilia kunde na hajanikataza kitu. Wewe nenda ukanywe chai. Mimi nitatoa ndoo mbili tatu."

Ukaenda kwa kaka yako kumweleza yaliyotokea. Yanayofuata hukuyaona, na hakuna aliyekuambia, kwa sababu tulikuwa wawili tu, na mwenzangu hayuko.

Nzioka alikuja jikoni kuchukua kandili. Kila mara kisima kikiwa kimefunikwa mlikuwa mnaishusha kwanza kwa kamba. Ikizimika njiani, hewa ya chini ni mbaya, na hashuki mtu. Wewe ndiye uliyekuwa na kazi hiyo, lakini hukuwepo, kwa hivyo alikuja mwenyewe. Nilimsikia akiitoa kwenye msumari. Akachungulia mlangoni.

"Mwikali, kioo cha taa kimeenda wapi?"

Kilikuwa hatua tano kutoka aliposimama, nyuma ya tangi, juu ya mmea wangu. Nilikuwa nimekichukua tangu Jumamosi. Nilidhani ukinikuta nacho utanigombeza. Na wale wasichana walikuwa bado njiani, wamekaa juu ya mitungi yao wakipumzika na kututazama kwa mbali.

"Sijui," nikasema.

"Basi paka amekila." Aliigeuza kandili mkononi, akaitazama. "Bila kioo upepo utaizima kabla haijapita mawe ya juu, halafu tutadanganyana kwamba hewa ni mbaya. Haya." Akairudisha kwenye msumari. Alipokuwa akipita aliona kitabu kando ya goti langu. "Soma, mwalimu. Ukiwa daktari utanitibu huu mgongo."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia. Wawili wa akina mama wa kikundi, walioshika kamba juu, walidhani anapumzika, kumbe hewa ya chini ilikuwa imeshamwua.

Yaliyobaki unayajua kuliko mimi. Wewe ndiye uliyeshikwa na wanaume watatu usiruke ndani. Mimi nilisimama kwenye mihogo nikitazama, na kichwani nilikuwa na jambo moja tu, kioo. Jioni, watu wote wakiwa kwa Nzioka, nilikitoa juu ya mmea, nikakifuta kwa sketi yangu ya shule, nikakirudisha kwenye kandili. Siku ya pili uliiwasha mbele ya watu. Iliwaka vizuri. Ukasema, "Taa ilikuwa hapa, nzima. Nzioka hakuichukua."

Mwanangu, sentensi hiyo imekuwa ikiishi na sisi katika nyumba hii. Wewe uliisema kwa uchungu, lakini wengine waliibeba sokoni na kanisani mpaka ikawa ndiyo habari yote ya Nzioka. Fundi mwenye uzoefu wa miaka kumi na tano aliyekufa kwa kupuuza taa. Na habari yako ikawa ile nyingine, kwamba mama yako alikuzuia kupitia kinywa changu.

Mimi niliziacha habari zote mbili zikue.

Hukushuka tena kisimani, ukaenda kupakia mchanga kwenye malori, kazi ambayo huipendi. Ukaanza kuniuliza mambo. Tupande lini, mwaitu? Nami nilikujibu yale niliyoyasikia redioni kwa jirani, ukapanda, mvua ikanyesha, ukawaambia watu. Mwaka jana mwanamke nisiyemjua alileta mtoto mwenye degedege nimtemee mate. Nilimtemea. Nilikuwa naona haya kumkatalia. Usiku ule sikulala, nikimwogopea mtoto yule, na nikiogopa pia kwamba labda ni kweli. Labda susu, yaani bibi yangu, yumo ndani yangu, na siku ile neno sitaki lilikuwa lake. Kuna siku nilitamani liwe lake. Kama ni yeye aliyekataa, basi si mimi.

Mmea nao uliendelea. Nataka nikuambie jinsi nilivyoukosea, kwa sababu mengine niliyojifunza juu yetu nilijifunzia kwake. Kwanza niliuwekea samadi ya mbuzi, nikidhani nauonea huruma, ukafunikwa na ukungu mweupe. Hautaki kushibishwa. Tangi lilipokauka niliumwagia maji ya kisima cha kuchimbwa kwa mashine, yale ya chumvi, na kwa sababu hunywa kwa mwili mzima ulikunywa chumvi yote, ukingo ukawa kahawia kama karatasi iliyoungua. Sasa naujua. Maji ya mvua tu. Usiyamwage juu, utavirusha vidonge. Weka kopo lenye matundu ndani ya karai la maji, unyevu upande wenyewe kutoka chini. Nailoni angavu juu yake, isiyougusa. Jua la asubuhi kidogo, la mchana hata kidogo.

Kuna mwaka nilichoka kuutazama. Niliutoa juani wiki nzima mpaka ukawa mweusi, nikaung'oa nikautupa hapa chini ya bomba la tangi. Mvua za Novemba zilipokuja, penye tone la bomba pakawa kijani. Niliukwangua kwa jembe. Ulirudi. Umejaa hapo sasa, unaukanyaga kila asubuhi ukinawa uso, na hujawahi kuniuliza umetoka wapi.

Mwaka huu mwalimu wa biolojia alitueleza kitu ambacho sikukielewa nilipokuwa darasa la nane. Mmea unaotoka kwenye kidonge cha kikombe si mtoto wa ule wa kwanza kama sisi tulivyo watoto. Ni uleule. Hakuna baba na mama waliochanganyika hapo, ni mmoja anayejirudia. Wenzangu waliandika kwenye madaftari yao. Mimi nilitoka nje nikakaa karibu na choo, kwa sababu nilifahamu kwamba ulio chini ya bomba letu ndio uleule uliokuwa chini ya kile kioo. Haujawahi kufa hata siku moja. Halafu nikafikiri juu ya jina langu.

Nimelifikiria wiki nyingi. Nilipanda vipande viwili kutoka jani moja, kimoja karibu na ukuta, kingine chini ya dirisha la jikoni. Cha ukutani kimekuwa kipana na laini. Cha dirishani ni chembamba, kigumu, kimejikunja. Ungeapa ni mimea miwili tofauti. Kama kitu kinachojirudia bila kubadilika huwa hivyo kwa sababu ya dirisha tu, mimi ninawezaje kuwa mama yako, ambaye sikuwahi kumwona hata kwa picha?

Jumanne uliniuliza. Ulikuwa unakula, ukasema bila kunitazama, "Mwaitu, kuna mtu wa Kithimani ana visima vitatu vimezibwa tangu mwaka juzi, anataka mtu anayejua. Ukikubali nitaenda." Nikatikisa kichwa kukubali. Mama alikuwa ananitazama, wewe ulikuwa umeacha kutafuna, nami nikaona haya kukataa. Nilisema sitaki kwa haya, nikasema sijui kwa haya, na Jumanne nikasema ndiyo kwa haya. Visima vitatu vilivyozibwa tangu mwaka juzi. Na nimekusikia ukimwambia Mama huna wasiwasi, kwamba safari hii umepewa ruhusa.

Ndiyo sababu jana nilienda kwa mjane wa Nzioka. Mama nilimwambia naenda kuazima kitabu.

Alikuwa akichambua pojo kwenye ungo. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, haraka haraka, kama mtu anayesoma shairi shuleni. Hakuinua macho mpaka nilipofika jikoni kwetu, kwenye msumari.

"Ngoja," alisema. "Rudia hapo. Aliiulizia taa?"

"Ndiyo, mama. Alikuja kuichukua. Aliuliza kioo kiko wapi."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Mimi nikasema sijui."

Aliuweka ungo chini. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari. Alijifunika uso kwa leso, akalia bila sauti, muda mrefu, mpaka kuku wakaanza kula pojo na mimi sikujua kama niwafukuze.

"Miaka minne," alisema. "Hata mama mkwe ananiambia, bwana yako alijiua kwa uzembe. Hata mtoto wake anaambiwa shuleni. Na aliiulizia." Kisha akanitazama kwa jicho kali. "Sijakusamehe, msichana. Usiende ukisema nimekusamehe."

"Sitasema."

"Baba yako anajua?"

"Hapana."

"Basi unafanya nini hapa? Nenda kwake. Mutua aseme mbele ya watu kama alivyosema siku ile. Alisimama akasema, asimame tena."

Nakuomba hilo, kabla ya kuondoka. Kesho basi lako ni saa tatu, na kwa Nzioka ni njiani. Waambie mama yake na kaka zake kwamba aliiulizia taa. Nitakwenda nawe. Wakiuliza kioo kilikuwa wapi, nitajibu mwenyewe, sitajificha nyuma yako.

Na sasa juu ya Kithimani. Sikuzuii. Najua kupakia mchanga kunakuumiza moyo, na hakuna anayejenga kuta za kisima kama wewe. Lakini ruhusa ya Jumanne naichukua tena, kwa sababu haikuwa ya mtu yeyote. Hukuonywa siku ile, mwanangu. Hakuna aliyekuchagua wewe akamwacha Nzioka. Ulibaki hai kwa sababu msichana alicheka njiani, naye alikufa kwa sababu nilitaka kuotesha mmea nikaogopa kugombezwa. Ni habari ndogo sana kwa kitu kikubwa hivyo, na nadhani itakuuma kuliko ile ya zamani. Ile ya zamani ilikuwa na mama yako ndani yake. Nisamehe kwa kukunyang'anya.

Kesho usininyoshee viganja. Huko utakapokuwa, shusha kandili kila asubuhi, hata kama kisima kilifunikwa kwa usiku mmoja tu, hata kama wenyeji wanakucheka. Ikizimika, hayo ndiyo makatazo pekee ninayoyajua. Usiitafutie mama wa kuipinga.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niifiche ndani ya buti lako la mpira, uikute ukiwa mbali. Nimebadilisha mawazo. Nasikia sauti yako barabarani, unasalimiana na mtu, unacheka. Nitakupa mkononi ukiingia, kabla hujaketi, na nitasimama mbele yako mpaka umalize kusoma. Ukiwa na swali, uliza. Ukitaka kukaa kimya, nitasimama tu. Na kama baada ya haya jina la mwaitu litakukwama kooni, niite Mwikali.

Nitaitika.